Watumishi wa afya wanaripoti, kisha wanahama: tujadili zahanati zetu za Dodoma na Singida

MzeeWaIkama aliandika:

Wakuu, habari za majukumu.

Nimekaa miaka mingi katika idara ya utumishi ya halmashauri moja ya Kanda ya Kati, na kila tangazo la ajira za afya linapotoka nauona mjadala uleule: nafasi ni ngapi, waombaji ni wangapi, nani amepata na nani ameachwa. Ni mjadala wa haki, lakini unaishia pale ambapo kazi yangu inaanzia. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza nafasi 7,612 za kada za afya, na mwaka 2023 nafasi 8,070. Watu walipangiwa vituo na wakaripoti. Ninachotaka tujadili ni wako wapi leo, hasa wale waliopelekwa kwenye zahanati zilizo mbali na lami huku Chemba, Bahi, Mpwapwa, Manyoni na Itigi.

Tuanze na ikama yenyewe, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kituoni. Mwongozo wa mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15 na kituo cha afya wasiopungua 39. Anayezifahamu zahanati za vijijini atacheka kwanza ndipo aendelee kusoma. Nyingi ninazozihudumia zinaendeshwa na tabibu mmoja, muuguzi mmoja na mhudumu wa afya, na mmoja akienda likizo wanabaki wawili. Chanzo kimojawapo ni majengo kuwatangulia watu. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ambao wengi tunauita MMAM, ulianza mwaka 2007 ukilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Wananchi wakasomba mawe na mchanga, majengo yakasimama. Mwaka wa fedha 2021/22 zikaja fedha za tozo za miamala, vikajengwa vituo vya afya kwenye tarafa. Jengo hugharamiwa mara moja kutoka kwenye fungu la maendeleo. Mtumishi hulipwa kila mwezi kwa miaka 30 au zaidi kutoka kwenye bajeti ya mishahara, na kibali cha kumwajiri hutolewa na mamlaka nyingine kabisa, kwa hiyo mambo hayo mawili hayakutani isipokuwa siku ya uzinduzi.

Halafu likaja zoezi la uhakiki wa vyeti. Ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli hapahapa Dodoma, kwenye Chuo Kikuu, tarehe 28 Aprili 2017, ikiwa na watumishi 9,932 wa kada mbalimbali waliokutwa na vyeti vya kughushi. Sina ugomvi na uhakiki, kwa sababu mgonjwa ana haki ya kutibiwa na mtu aliyesoma. Lakini zahanati yenye watumishi wawili ikiondokewa na mmoja, wananchi hawaulizi cheti kilikuwaje. Wanaukuta mlango umefungwa.

Sasa nije kwenye kiini cha uzi huu. Kwa ninavyoona mimi, mtumishi huamua kuondoka ndani ya miezi michache ya mwanzo, hata kama barua ya uhamisho ataiandika baada ya miaka mitatu. Tazameni safari yake ilivyo. Anafika makao makuu ya wilaya Ijumaa mchana akiwa na begi la magurudumu na bahasha ya vyeti. Masijala wanampokea na kumwelekeza kwa afisa utumishi, naye afisa utumishi yuko kikaoni mjini. Posho ya kujikimu ni haki yake kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, ila kifungu hakina fedha, hivyo anaambiwa atalipwa fedha zikitoka. Usiku analala gesti kwa fedha za mzazi wake. Jumatatu anapakiwa kwenye pikipiki, begi limefungwa kwa mpira nyuma, na huko kijijini mwenyekiti anamtafutia chumba kwa mama mmoja jirani na mashine ya kusaga. Mshahara wa kwanza unasubiri taarifa zake ziingizwe kwenye mfumo, na akikosa siku ya kufunga mwezi huo anasubiri mwezi unaofuata. Katika kipindi hicho chote anakopa unga dukani kwa watu walewale anaowatibu. Daktari anayedaiwa na muuza duka wa kijiji hana tena sauti ya kumwambia yeyote aache kumpeleka mtoto kwa mganga wa kienyeji.

Baada ya hapo hakuna semina ya uzalendo itakayomrudisha moyo. Anamaliza mwaka wake wa matazamio, anathibitishwa kazini, kisha anaanza kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo, au anaomba kumfuata mwenza, au anaomba ruhusa ya masomo akijua kwamba akirudi atapangiwa kwingine.

Huku kwetu kuna jambo la ziada ambalo mikoa mingine haina. Uamuzi wa Serikali kuhamia Dodoma ulitangazwa mwaka 2016, na mwaka 2018 mji ukapandishwa kuwa jiji. Wizara zimehamia, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekua, zahanati na kliniki binafsi zimejaa kila mtaa. Wenza wa watumishi wetu wa vijijini wako wizarani, na sababu ya kuwafuata ni halali. Matokeo yake jiji linawavuta watu kutoka wilaya zinazolizunguka, kiasi kwamba kwenye makaratasi mkoa unaonekana una watumishi, ilhali tabibu wa kata ya mwisho kabisa yuko peke yake.

Naomba maoni, hasa ya walioko vituoni.

Sista Mfawidhi aliandika:

Mzee wangu, umesema kweli, ila hali ya kazi kituoni umeipita haraka mno. Mimi ni mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, na nimepokea vijana kadhaa waliokuja wakiwa na nia njema. Kinachowachosha zaidi ni kukosa mtu wa pili wa kada yao.

Chukulia usiku mmoja wa kawaida. Mama mjamzito analetwa saa saba, muuguzi yuko peke yake, umeme umekatika na betri ya sola imechoka, hivyo mhudumu anashika tochi ya simu. Uchungu unakwenda vibaya. Anapiga 115 kuomba gari la m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito, gari linapatikana, lakini inabidi mgonjwa asindikizwe. Akipanda garini, zahanati inabaki bila muuguzi mpaka kesho mchana. Asipopanda, mama yule anasafiri na mkwe wake tu. Asubuhi kuna kliniki ya watoto, akina mama wameshajipanga kwenye benchi na kadi zao, na vitabu vya MTUHA, vya takwimu za huduma za afya, vinamsubiri avijaze vyote, kwa sababu mwisho wa mwezi takwimu zikichelewa ni yeye atakayeandikiwa barua ya kujieleza. Binti wa miaka 24 akiyapitia hayo kwa miezi sita, mkimwongezea mshahara atawashukuru, kisha ataomba uhamisho.

Ndiyo maana sipendi utaratibu wa kugawa watumishi wapya mmoja mmoja ili kila diwani apate wake. Zahanati tatu zikipata muuguzi mmoja mmoja, baada ya miaka miwili zote tatu hazina mtu. Afadhali waende wawili wawili, hata kama kituo kimoja kitasubiri awamu inayofuata. Wanapokezana usiku, mmoja anakwenda likizo bila kuona aibu, na wakilia wanalia pamoja. Najua madiwani hawatafurahi.

PesaKwanza aliandika:

Mnazunguka mbuyu. Lipeni mishahara mizuri, watu watakaa hata porini Rungwa. Mengine yote ni porojo.

MzeeWaIkama aliandika:

Mkuu PesaKwanza, hoja yako ina uzito, lakini ipeleke mpaka mwisho wake. Siku ya Mei Mosi mwaka 2025, pale Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa umma kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Sote tulishangilia, nami nikiwemo. Hata hivyo nyongeza ya mshahara humfuata mtumishi popote alipo. Ngazi ya TGHS, yaani ya mishahara ya kada za afya serikalini, ya muuguzi wa jiji ni ileile ya muuguzi wa Farkwa, kule Chemba, mwenye elimu na uzoefu kama wake, na huyu wa Farkwa analipa nauli kubwa zaidi kila anapofuata huduma ya benki au anapompeleka mtoto shule nzuri. Kwa hiyo nyongeza inamsaidia mtumishi asiache utumishi, jambo ambalo ni jema, lakini haimpi sababu ya kubaki Farkwa badala ya kuhamia Area D, Dodoma mjini. Ili fedha imbakize kijijini ni lazima iwe fedha ya kijijini, yaani posho ambayo akihama anaiacha hukohuko.

Sista, hoja ya wawili wawili naikubali, tena nimewahi kuitetea mbele ya kikao cha menejimenti. Tatizo liko kwenye orodha: mara nyingi majina huja yakiwa yameshapangiwa vituo, na halmashauri ikitaka kubadilisha inapaswa kuandika maelezo. Inawezekana, ila inahitaji Mganga Mkuu wa Wilaya asiyeogopa simu za wakubwa.

KatibuHospitali aliandika:

Ndugu zangu, nichangie kutoka upande wa hospitali za taasisi za dini, kwa sababu Kanda ya Kati bila Mvumi, bila Mtakatifu Gaspar ya Itigi na nyinginezo ingekuwa na hali nyingine kabisa. Sisi hatuna uhamisho wa kufuata mwenza. Sisi tuna siku ya tangazo.

Serikali ikitangaza ajira, wauguzi wangu huomba ruhusa ya siku moja kwenda kuhakiki vyeti kwa mwanasheria, na mimi najua maana yake. Siwalaumu. Kwa pensheni, mtumishi wangu anachangia NSSF na yule wa serikalini yuko PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma. Mkataba wangu unategemea mapato ya wagonjwa na ruzuku, ilhali wa serikalini akishathibitishwa ana ajira ya kudumu, mkopo wa benki kwa dhamana ya mshahara, na nafasi ya kusoma. Kijana mwenye akili timamu atachagua nini? Kwa hiyo kila awamu ya ajira inayojaza pengo la zahanati ya serikali inachimba pengo kwenye hospitali ya misheni iliyo jirani, na wagonjwa wa pande zote mbili ni wanakijiji walewale. Ndiyo maana naunga mkono utaratibu wa Serikali kuazimisha watumishi wake kwenye hospitali zetu zenye mkataba wa huduma, na natamani uongezwe.

Tulijaribu kusomesha vijana kwa mkataba wa kututumikia miaka kadhaa. Nikiri kwamba mkataba peke yake ni karatasi. Kijana akitaka kuondoka atalipa au atatoroka, nasi hatutampeleka muuguzi mahakamani. Tulichokigundua ni kwamba waliobaki, kwa sehemu kubwa, ni wale waliozaliwa vijiji vya jirani, wanaojua kula mlenda bila kulalamika na wenye shamba la mama yao kilomita chache kutoka wodini. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 uliohuishwa mwaka 2021 kuhusu kubakiza watumishi vijijini, linashauri vyuo vichukue wanafunzi wenye asili ya vijijini na mafunzo yafanyike karibu na huko. Huku tuna bahati: chuo kiko Mvumi penyewe, vyuo vikuu vya UDOM na Mtakatifu Yohana viko mjini. Kinachokosekana ni kuwatafuta mabinti wa kidato cha nne wa Mpwayungu na Kwamtoro wenye ufaulu wa Baiolojia na Kemia, na kuwashika mkono kabla hawajaolewa au kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam.

TabibuMtaani aliandika:

Shikamoo Mzee, shikamooni wote.

Mimi nina stashahada ya utabibu na leseni, na sina ajira. Najitolea kwenye kituo cha afya kimoja ambacho sitakitaja. Nasoma hapa kwamba zahanati zina mtu mmoja, huku darasa letu zima linaendesha bodaboda au linauza dawa kwenye maduka ya watu. Wengine walikuwa na mikataba kwenye kliniki za tiba na matunzo kwa wenye VVU, lakini fedha za Marekani ziliposimamishwa mwanzoni mwa mwaka 2025 wakarudi nyumbani. Naona kana kwamba mnajadili namna ya kumbembeleza aliyepo wakati anayetaka kwenda yuko mlangoni.

Kituo ninachojitolea kinanipa posho isiyofika hata nusu ya kima cha chini, tena mwezi ambao makusanyo ni mazuri. Nashika zamu za usiku sawa na walioajiriwa. Kwa nini kituo kisitumie mapato yake kuniajiri kwa mkataba unaoeleweka? Na kujitolea kwangu kutahesabiwa lini?

MzeeWaIkama aliandika:

Marahaba, kijana wangu. Swali lako ndilo gumu kuliko yote humu, nami sitakudanganya.

Pengo la watumishi kijijini na tabibu asiye na kazi mjini vinatokana na jambo moja: ukomo wa bajeti ya mishahara. Halmashauri inaweza kuonesha upungufu wa watu 300 katika ikama, na ikapata kibali cha watu 40. Vyuo, hasa binafsi, viliongezeka haraka kuliko vibali. Kwa hiyo usijione umefeli.

Kuhusu mkataba, inawezekana. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya, unaochangiwa na wafadhili, zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na vituo vyenye mapato mazuri ya papo kwa papo na ya bima vinaajiri kwa mkataba kutokana na mapato ya ndani, baada ya kamati ya usimamizi kupitisha na Mkurugenzi kuridhia. Vituo vya mjini vinaweza. Zahanati yenye wazee wasiojiweza, wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, ambao wote wana msamaha wa malipo, haina cha kukusanya. Hapo ndipo ninapoona haki haitendeki, kwa sababu kanuni ileile inakipa kituo tajiri watumishi wa ziada na kukiacha maskini kilivyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikitekelezwa vizuri vijijini, zahanati hizo zitapata kipato, na mkataba wa mtu kama wewe utawezekana hata Mwitikira.

Nakushauri jambo moja ambalo vijana wengi hulipuuza: dai barua. Mwombe mfawidhi akuandikie barua ya kukupokea kama mtu wa kujitolea, yenye tarehe na saini, nakala iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Kujitolea kusiko na barua siku ya usaili ni maneno matupu.

Ndugu Katibu, hoja ya wazawa naiunga mkono kwa tahadhari. Nimeona mtumishi mzawa akibaki miaka 20, na nimeona mwingine akishindwa kazi kwa sababu kila dawa inayokosekana ndugu wanadhani ameificha. Mzawa wa wilaya, sawa. Mzawa wa kitongoji hichohicho, tufikirie mara mbili.

Mjumbe wa Kamati aliandika:

Mimi ni mkulima, ni mjumbe wa kamati ya zahanati yetu. Sisi tulijenga nyumba ya mganga kwa nguvu zetu. Tulifyatua tofali, tukafika lenta, halmashauri ikaahidi kupaua. Boma lina misimu kadhaa sasa, mbuzi wanajikinga jua humo. Mganga wetu anapanga mjini na anakuja kwa pikipiki. Mvua zikinyesha mto unajaa, haji. Mnatushauri nini?

Sista Mfawidhi aliandika:

Mjumbe, umenigusa. Huyo mganga wenu akipewa vyumba viwili vyenye bati, choo cha ndani na tenki la kuvuna maji ya mvua, atalala hapo. Maji ya visima vingi vya huku ni ya chumvi, na mtumishi mwenye mtoto mchanga jambo la kwanza anauliza maji.

MzeeWaIkama aliandika:

Ndugu Mjumbe, maboma ya namna hiyo ni mengi, na kinachoyakwamisha mara nyingi ni kwamba hayamo kwenye mpango wa zahanati wa mwaka, hivyo hata fedha zikibaki hakuna mstari wa kuzipitishia. Kamati yenu ina mamlaka juu ya mpango huo. Kaeni kikao kabla ya Novemba, muhtasari uandikwe kwamba kipaumbele cha kwanza ni kukamilisha nyumba ya mtumishi, muambatishe picha ya boma na makadirio ya fundi kwa bei za bati na mbao za sasa, kisha mpeleke nakala kwa mtendaji wa kijiji, kwa diwani na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mfawidhi aiingize kazi hiyo kwenye mpango wa kituo, na diwani aisemee kwenye kamati yake ya huduma za jamii wakati bajeti ya halmashauri inapoandaliwa. Msiandike "ukarabati wa zahanati" kwa jumla, kwa sababu fedha ya jumla huishia kwenye rangi na uzio. Andikeni nyumba, vyumba viwili, choo na tenki, kama Sista alivyotaja. Ikipita kwenye mfumo wa mipango ifikapo Januari, mnaweza kuanza kuidai Julai mwaka wa fedha ukifunguliwa.

Sista, ukipata nafasi tupia humu makadirio ya tenki mliyotumia kwenu, yamsaidie Mjumbe.